Kigeuze Nyuma Kwanza: Kutafuta Vitambaa vya Meza vya Viraka, Vya Kushonwa kwa Mkono, kwenye Mitumba ya Dodoma

Miaka minne iliyopita, pale Sabasaba, nilimkuta mama muuza mapazia amekaa juu ya ndoo. Juu ya ndoo alikuwa ametandika kitu kilichokunjwa mara nne, kimeshika vumbi hadi rangi zake hazionekani. Nikamsalimu, nikamwomba anyanyuke kidogo nikitazame.

"Hilo tambara tu, dada yangu. Mapazia haya hapa."

Tambara lile lilikuwa kitambaa cha meza cha vipande 48 vya pamba, kila kipande kimeungwa na mwenzake kwa sindano ya mkono. Chini ya vipande kulikuwa na pamba nyembamba ya kujazia, na chini ya pamba bitana nyeupe. Kwenye kona ya nyuma mtu alikuwa ametarizi herufi mbili na mwaka, 1988. Tulielewana shilingi 3,000, na kesho yake nikampelekea kanga yangu kuukuu ya kukalia. Kitambaa chake bado nakitandika kwenye meza ya sebuleni kwangu mpaka leo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikivitafuta, na nimejifunza kwamba ugumu wake hautokani na uchache. Ugumu ni kwamba havina jina sokoni kwetu. Kamusi zina neno mfarishi kwa tandiko la tabaka tatu lililojazwa pamba, lakini ukiuliza mfarishi kwenye meza ya mitumba utatazamwa tu. Kitu kisicho na jina hakitengewi fungu. Kinatupwa kwenye mashuka ya watoto, kwenye mapazia, kwenye mikeka ya miguuni, au kinakaliwa. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na swali la kumuuliza muuzaji. Unaanza na vidole vyako.

1. Pima meza kabla hujatoka nyumbani

Kanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110. Itandaze juu ya meza yako uone inazidi wapi na inapungua wapi, kisha iweke begani uende nayo sokoni. Kipimo hicho hakikatiki na hakisahauliki.

Kwa meza ya kulia chakula, kitambaa cha kufunika meza nzima kining'inie sentimita 20 hadi 25 kila upande. Kile chembamba cha kupita katikati kinapendeza kikiwa na upana wa theluthi moja ya meza, na kikining'inia kidogo kwenye ncha zote mbili. Vitandikio vya sahani huwa na kama sentimita 30 kwa 45.

Kuna siri moja hapa ambayo ingeniokolea mwaka mzima kama ningeambiwa mapema. Ukitafuta "kitambaa cha meza" tu, utakosa. Tafuta vifuniko vya watoto wachanga. Huko Marekani na Ulaya, mtoto anapozaliwa, bibi au shangazi humshonea kifuniko cha viraka cha karibu sentimita 90 kwa 115, na mtoto akikua kinapelekwa kwenye maduka ya hisani, kisha kinaingia kwenye belo. Kipimo hicho kinakaa sawasawa kwenye meza ya kati ya sebuleni. Vingi havikutumika sana, kwa sababu mama wa mtoto alivionea huruma kuvichafua. Viwili kati ya vitambaa vyangu vizuri vilikuwa vya watoto, kimoja kina bata na kingine kina nyota.

2. Mahali pa kutafuta

Sabasaba ndipo ninapoanza kila mara, kisha Soko la Machinga. Muulize muuzaji wa mashuka na mapazia siku gani anafungua belo, na uwe mteja wake kabla hujahitaji kitu. Nunua hata foronya. Mwonyeshe kwenye simu picha ya kitu unachotaka, umwambie, "Ukikutana na kizito cha viraka kama hiki, niwekee." Maelezo ya dakika kumi hayafiki mbali kama picha moja. Wauzaji wangu wawili sasa hunipigia wenyewe.

Belo linapofunguliwa, watu hukimbilia mashuka yenye rangi. Wewe nenda kwenye rundo la mwisho, lile la vitu ambavyo muuzaji mwenyewe hajui avipange wapi. Tazama pia anachokalia, alichofunikia mzigo, alichotandika chini ya turubai. Sisemi hivi kwa kumdharau mtu. Muuzaji wa mitumba anaujua mzigo wake kuliko mimi, ila hakuna mteja aliyewahi kumwambia kwamba kitu hiki kina thamani.

Minada ya pembezoni, kama ule wa Msalato, ina mitumba pia, na bei huwa za chini kidogo. Ubaya wake ni vumbi la ng'ombe. Kitambaa kikilala mnadani siku nzima mwezi wa Agosti, kukisafisha ni kazi ya siku mbili.

Chanzo ambacho wengi hawakifikirii ni watu wanaohama. Mji wetu umejengwa na wanaohamia, hasa tangu mwaka 2016 serikali ilipoamua kuhamia Dodoma kwa vitendo, na panapohamiwa hapakosi wanaoondoka. Mtumishi akipata uhamisho huuza vyombo. Mgeni wa shirika au wa kanisa mkataba wake ukiisha, anaondoka na masanduku mawili tu. Huko ndiko nimeona kazi bora kuliko zote, kwa sababu hazikupita kwenye belo: zilikuja na mwenyewe, mara nyingi zikiwa zawadi ya mama yake. Fuatilia matangazo ya vyombo vya ndani vinavyouzwa Area D, Kisasa na Ilazo. Wamisionari wa Kianglikana nao wameishi Ugogo tangu miaka ya 1870, walipofika Mpwapwa, na mpaka leo ukikaa karibu na watu wa makanisa ya zamani utasikia kabati la fulani linafunguliwa, vitu vinauzwa kuchangia ujenzi. Kina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na wa vikundi vya makanisa mengine ndio wenye habari hizo. Waulize kwa adabu.

Ila nyumba yenye msiba usiiendee. Subiri wenyewe waseme.

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, kwenda soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, kuchambua mabelo na kurudi si safari ya kuogopwa tena. Kwa kitambaa kimoja haifai. Mkiwa watu watatu mnaopamba nyumba, inafaa.

3. Shika kabla ya kutazama

Pitisha mkono ndani ya rundo huku macho yako yako pengine. Shuka ni tambarare. Kitambaa cha tabaka tatu kina vilima na mabonde, kwa sababu kila uzi ulipopita umekivuta kitambaa chini. Mkono ukikutana na mabonde hayo, simama, vuta.

Sasa piga kucha kwenye mpaka wa rangi mbili. Ukikwama kwenye mshono, viraka ni vya kweli. Ukiteleza, viraka vimechapishwa tu kwenye kitambaa kizima kama michoro ya kitenge. Vya kuchapishwa ni vingi sana, na kwa mbali vinadanganya hata mtu mzoefu. Si vibaya kwa meza ya jikoni, lakini usivilipie bei ya kazi ya mkono.

4. Kigeuze

Uso umetengenezwa uvutie. Nyuma ndiko alikofanyia kazi mshonaji, na nyuma haifichi kitu. Mimi sijadili bei kabla ya kutazama upande wa nyuma wote, tena kwenye mwanga wa jua, si chini ya turubai la bluu linalobadilisha rangi zote.

Anza na mishono. Cherehani huacha mstari usiokatika, mshono unagusana na mwenzake, uzi wa juu na wa chini umekazwa sawa. Mkono hupiga bandi: mshono, nafasi, mshono, nafasi. Ukiukagua kwa karibu utaona mmoja mrefu kidogo, mwingine mfupi, na mahali mshonaji alipochoka mstari unapinda. Mishono mitatu hadi mitano kwa sentimita moja ni kazi ya mtu aliyebobea. Miwili kwa sentimita ni kazi ya kawaida ya nyumbani, nayo inadumu. Tafuta fundo. Mshonaji mzuri huvuta fundo likazama ndani ya pamba, usilione juu wala chini. Kisha fuata ukingo. Tepe ya ukingoni mara nyingi hushonwa kwa cherehani upande wa mbele na kumaliziwa kwa mkono upande wa nyuma, kwa mishono midogo iliyojificha. Ukingo wa namna hiyo hauna papara.

Kitambaa kilichounganishwa kwa cherehani ya nyumbani ni kazi ya mikono pia, usikidharau. Nisichokitaka ni kile kilichotoka kiwandani, ambacho mistari ya maua inajirudia bila kosa, kisha inakatwa ghafla ukingoni kwa sababu kilikatwa kutoka kwenye jora.

Katikati ya hivyo viwili kuna vitambaa vilivyoshonwa kwa mkono huko China na India kwa ajili ya maduka ya Marekani, hasa kuanzia mwisho wa miaka ya 1980. Utavijua kwa mishono mirefu, uzi mweupe mnene, pamba laini sana, na lebo ya maelekezo ya kufua iliyochapishwa. Wanaokusanya vitu vya kale huvikwepa. Mimi navinunua, kwa sababu mwanamke aliyelipwa kwa kipande naye alitoboka vidole, ila bei yake naishusha maana kitambaa chake huwa chepesi.

Kuna na ndugu wa mbali, kantha, kutoka Bengali, yaani Bangladesh na upande wa India ulio jirani nayo. Hizo ni sari kuukuu zilizopangwa safu juu ya safu na kushikanishwa kwa bandi, bila pamba katikati. Ni nyembamba, zinakunjika vizuri, na kwa meza ya kulia chakula nazipenda kuliko zote, kwa sababu glasi inasimama imara.

Kisha kona. Kagua kona zote nne za nyuma, hasa chini kulia. Kama kuna jina, herufi, mwaka au neno lolote la uzi au la wino, hilo ndilo cheti chake. Usikubali muuzaji akikate kipande hicho eti kinachafua.

Na mwisho, kiinue kielekee jua. Mwanga utakuonyesha mahali pamba ilipojikusanya na mahali palipobaki patupu. Utakuonyesha pia viraka vilivyochoka. Tazama zaidi vile vya kahawia na vyeusi kama kitambaa ni cha zamani sana: rangi za zamani za kahawia zilishikishwa kwa chuma, na chuma hula nyuzi taratibu, hivyo kiraka cha kahawia kinaweza kuwa unga huku jirani zake wote ni wazima. Vuta kidogo kwa vidole viwili. Kikilia kama karatasi, hesabu gharama ya kukibadilisha.

5. Pamba au poliesta?

Dondosha tone la maji kwenye kona. Pamba hulinywa upesi, poliesta huliacha likae juu kama shanga. Kama muuzaji anakuruhusu kuchomoa uzi mmoja ukingoni, uwashe kando: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha punje ngumu yenye harufu ya plastiki.

Hili si la mapambo. Kama unataka cha kuwekea sufuria la ugali lililotoka jikoni, poliesta inaweza kuyeyuka. Hata cha pamba, weka kwanza mkeka wa ukili chini ya sufuria.

Manyoya meupe yakichungulia kwenye uso mzima, kijazio cha ndani mara nyingi ni poliesta na kimeanza kutoka. Hilo halitengenezeki. Kirudishe.

6. Harufu, madoa, wadudu

Nusa. Vumbi na harufu ya belo vinatoka. Ukungu wenye madoa meusi hautoki wote. Madoa ya kahawia kama ya chai mara nyingi yanapungua, na damu kavu iliyopauka hubaki kivuli tu.

Panua mishono ya ukingoni kwa vidole, bila kuifumua, uangalie kunguni na mayai yao. Hata usipowaona, kitambaa kisiingie ndani siku ya kwanza. Kitie kwenye mfuko wa plastiki, ukifunge, ukiweke kwenye friza siku nne kamili. Kama huna friza, anza moja kwa moja na kufua, kisha upige pasi ya moto kwenye mishono yote, kwa kadiri kitambaa kinavyostahimili.

7. Bei

Usiseme "hiki kimeshonwa kwa mkono!" mbele ya rundo la watu, kwanza utapandisha bei, pili utamvuruga muuzaji aliyekwisha kutaja yake. Lakini kuna mpaka. Nilipopata kimoja chenye bandi laini kama za mashine, muuzaji alitaka 2,000, nikampa 5,000 nikamweleza kwa nini. Leo vitambaa vya namna hiyo haviendi kwenye tambara, anavitenga. Nimelipa zaidi tangu siku hiyo, na nimepata zaidi.

Kwa kukadiria, linganisha na blanketi jepesi la mtoto kwenye meza hiyohiyo. Kisiwe na bei kubwa mno kuliko hilo, isipokuwa kina jina na mwaka, au kazi yake inakunyamazisha.

8. Kufua kwa maji ya Dodoma

Hapa ndipo vitambaa vingi vinapofia, nami nimeua viwili.

Maji ya visima vyetu ni magumu, sehemu nyingine yana chumvi ya kuonjeka. Sabuni ya mche ikikutana nayo haitoi povu, inageuka utando wa kijivu unaonasa ndani ya pamba, na utando huo huufanya uso kuwa mgumu na rangi kuwa kama zimefunikwa na moshi. Kwenye shuka unaweza kusuuza mara nne ukautoa. Kwenye tabaka tatu hautoki. Kwa hiyo, tumia maji ya mvua. Kati ya Desemba na Aprili kinga kwenye bati na uweke akiba kwenye tangi au madumu, kisha panga kufua vitambaa vyako kwa siku moja. Nje ya msimu, tumia sabuni ya maji isiyo kali, kidogo sana, na kwenye maji ya mwisho ya kusuuza weka siki nyeupe, nusu kikombe kwa beseni kubwa.

Kabla ya kuloweka, jaribu rangi. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, kikandamize kwenye kila rangi kali, hasa nyekundu na buluu nzito, kwa dakika moja. Kikishika rangi, usiloweke. Kipanguse tu, ukianike hewani.

Kama rangi imetulia, fanya hivi. Tandaza shuka kuukuu ndani ya beseni pana, weka kitambaa juu yake, jaza maji ya baridi. Kikandamize kwa viganja, juu na chini, kama unavyokanda unga mlaini. Usikifikiche, usikikamue. Kikilowa kina uzito mkubwa, na ukikiinua kwa kona moja uzito huo unakata bandi za miaka thelathini kwa sekunde moja. Kiinue kwa kutumia shuka la chini, watu wawili. Maji ya kwanza yatakuwa mekundu kwa vumbi, ya pili pia. Yabadilishe mpaka yawe safi, hata mara sita.

Kusiwe na jiki kabisa. Inachosha pamba, inakula rangi, na doa la kutu ikiligusa linazidi kushika. Kutu ipake ndimu na chumvi, iache kivulini, kisha suuza. Doa la zabibu au la mvinyo wetu, usilikimbilie na sabuni. Sabuni huligeuza buluu. Linyonye kwa kitambaa kikavu, lipitishe maji baridi yenye siki au ndimu, sabuni ifuate mwisho.

Kianike kikiwa kimelala juu ya mkeka, kivulini, upande wa nyuma ukitazama juu, na shuka jepesi limefunika kwa ajili ya vumbi. Kamba ya nguo hapana. Pasi ipite upande wa nyuma, juu ya kitambaa chenye unyevu kidogo, na kama ni pasi ya mkaa, ipulizie majivu mbali kabla hujaisogeza.

9. Kutengeneza palipochanika

Usikimbilie cherehani. Fundi mwenye haraka atapitisha mstari juu ya bandi za mkono, na mstari huo utavuta pamba yote upande mmoja. Kiraka kilichochoka usikitoe. Weka kingine juu yake, pinda kingo zake ndani, shona kwa mkono kwa mishono midogo. Kipande cha kanga kuukuu iliyokwisha kupauka kinaoana vizuri kuliko kitambaa kipya, na pamba yake tayari imeshasinyaa. Sindano iwe fupi, uzi wa pamba, na subana kidoleni.

Tandiko kubwa la kitanda lililooza katikati lakini zima kingoni, hilo kata bila majuto. Litakupa vitandikio sita vya sahani. Lililo zima, hata kama ni kubwa kuliko meza yako, usilikate. Kuna mwenye kitanda.

10. Mezani na kabatini

Mezani usikiache kipigwe na jua la dirishani mwaka mzima, kizungushe na vingine. Nina vinne, kila kimoja kinakaa miezi mitatu. Kung'uta vumbi nje, kwa kukitikisa taratibu, bila kukipiga na fimbo.

Cha kabatini kikunje kwa ulegevu, kikifungwa kwenye kanga au foronya safi ya pamba, kamwe si kwenye mfuko wa plastiki. Mkunjo ukikaa mahali pamoja muda mrefu, nyuzi hukatika hapo hapo. Kila kinapobadilishana zamu na kilichoko mezani, nakikunja kwa mistari mingine: kama awali kilikuwa nusu kwa nusu, safari hii nakikunja theluthi.